Udongo Uko Chini

Juzi majirani zangu walileta mafundi wa kuchimba shimo la choo, na walipofika kimo cha mtu ikapanda harufu iliyonisimamisha mlangoni na mwiko mkononi. Udongo wa kijivu, ule wa kinamasi. Una uchungu wa chuma kidogo, una majani yaliyooza, na una ubaridi unaouhisi puani kabla hujaugusa. Fundi mmoja alidhani nimetoka kulalamika. Nikamwambia endelea tu baba, mimi nanusa. Akanitazama vile vijana wanavyotutazama sisi wa rika hili tukianza mambo yetu, kisha akainamia kazi yake.

Nilinusa mpaka ugali ukaungua. Haidhuru. Nilikuwa nimeshafika Kampala, vita vimekwisha juzi tu, na mimi sina meno ya mbele.

Baba yangu alikuwa mpishi. Nairobi alikuwa akimpikia mzee mmoja Mganda aliyekimbilia huko, na mambo yalipotulia mzee akasema anarudi kwao, na mpishi wake hamwachi. Nyumba ya mzee ilikuwa Nakasero, juu kabisa, nyumba ya mawe yenye bustani mbele. Waliikuta imechunwa. Milango hakuna, masinki hakuna, ukutani matundu ya risasi, na kile chumba cha watumishi nyuma ya nyumba hakikuwa na hata bati moja. Mzee na mkewe walitandika magodoro sebuleni wakasubiri mafundi. Lakini mpishi na mke wake na binti na mtoto wa mgongoni wangelala wapi? Baba akaenda kutafuta chumba, na mtu mwenye mshahara wa mpishi akitafuta chumba Kampala, miguu yake inateremka yenyewe. Aliteremka Wandegeya, akakata kuelekea Kasubi, akapanda kidogo, akateremka tena upande wa pili, mpaka pale mlima unapokwisha na mafunjo yanapoanza. Hapo ndipo tulipokaa.

Mwenye chumba alikuwa mama mmoja aliyeitwa Nnaalongo. Hilo si jina, ni cheo: kwa Waganda mwanamke akizaa mapacha anaitwa hivyo mpaka kufa kwake, na jina lake la kwanza watu wanalisahau. Pacha wake walikuwa watu wazima wenye ndevu. Yeye mwenyewe alikuwa mfupi, mnene wa mabega, na alikuwa mfinyanzi wa sigiri, yale majiko ya udongo ya kupikia kwa mkaa. Umeme ulikuwa wa bahati nasibu siku zile, kwa hiyo kila nyumba ilihitaji sigiri, ya tajiri na ya maskini, na wenye vibanda vya chakula Wandegeya, waliokuwa wakiwalisha wanafunzi wa chuo, walizivunja na kununua nyingine kila mara.

Mama naye alikuwa mfinyanzi. Kwao, ng'ambo ya Busia, bibi yake na mama yake walifinyanga vyungu, naye aliolewa na mikono yake ikiwa imeshajua. Nairobi hakupata udongo, akakaa bure miaka yote ile. Siku ya pili tu tulipofika bondeni alimwona Nnaalongo anatoka kwenye mafunjo na karai la udongo wa kijivu kichwani, akamkimbilia kama aliyeona ndugu yake, akaanza kumwaga Kiswahili. Nnaalongo akaingia ndani akafunga mlango.

Mama aliumia sana. Hatukujua kwamba Kiswahili mjini mle kilikuwa lugha ya askari, na kwamba Nnaalongo alishawahi kuamriwa mambo mengi kwa lugha hiyo mlangoni pake. Kesho yake Mama hakusema neno. Alikwenda tu akachuchumaa kando ya lile lundo la udongo, akamega kipande, akakisokota katikati ya viganja mpaka kikawa kamba nyembamba, akaizungusha kidoleni kuona kama itakatika. Haikukatika. Nnaalongo, aliyekuwa akichungulia dirishani, akatoka, akachuchumaa upande wa pili, akafanya vilevile. Hivyo ndivyo walivyojuana. Kiswahili kilikuja baadaye, kile cha Kampala kisichojali ngeli, na mpaka leo mimi nikisikia mtu anakicheka nakasirika.

Mama alianza kuchimba naye. Kazi yao naiona mpaka kesho. Wanaondoa kwanza tabaka jeusi la mizizi, wanafika kwenye kijivu, wanakijaza makaraini, wanapanda nacho hadi ukingoni. Pale udongo unakanyagwa kwa miguu nusu siku, unachanganywa na vigae vya zamani vilivyotwangwa, ndipo unafinyangwa: tumbo, mlango wa majivu, sakafu yenye matundu, na pembe tatu za kuwekea sufuria. Sigiri zinakaa kivulini siku nyingi kabla ya kuchomwa, na hapo ndipo mimi nilipokuwa nachapwa, kwa sababu nilipenda kuzigusa.

Nnaalongo ndiye aliyenifundisha Kampala, miguu yake ikiwa udongoni, akielekeza kwa kidevu. Alisema, "Juu kabisa ni ya wafalme na ya Mungu. Katikati ni ya ndizi, na ndizi iko na mwenyewe. Hapa chini hapana mwenyewe. Ndiyo maana mimi na wewe iko hapa." Na kweli, ukisimama pale bondeni ukainua macho ulikuwa unayaona yote: Kasubi juu yetu, walikolazwa wafalme wao, migomba ikishuka ubavuni hadi katikati, halafu nyasi, halafu sisi. Ukigeuka, ni vilima vingine, na karibu kila kilima kimebeba kanisa au msikiti kichwani. Wenyeji walikwisha kugawana miteremko kabla babu zetu hawajazaliwa. Wageni wote, Wakenya sisi, Wakongo waliouza samaki wakavu, watu waliofukuzwa na vita kutoka vijijini, tulitiririka hadi pale maji yanapotulia.

Lakini mimi nilimsikia vibaya. Alisema juu ni ya Mungu, nami nikachukua hivyo hivyo. Nikajiambia kwamba Mungu anakaa juu, kwamba anawapandisha watu kidogo kidogo kadiri anavyowapenda, na kwamba sisi, tukiwa chini kwenye vyura na mbu, bado hatujampendeza. Ushahidi nilikuwa nao. Mvua ikinyesha uchafu wote wa mlima ulishuka kwetu: maganda ya matoke, makopo, mara moja kiatu cha mtoto. Juu haukubaki uchafu. Tena Baba, ambaye hakuwa anakunywa wala kutukana, alikuwa anapanda Nakasero kila asubuhi na kurudi akinukia siagi, wakati Mama na Nnaalongo walikuwa wakizama matopeni hadi magotini huku wakicheka mambo ambayo watoto hatukutakiwa kusikia. Nilimwombea Mama, jamani. Nilipiga magoti nikamwomba Mungu amsamehe, bila kujua kosa lake ni lipi.

Basi siku ikafika Baba akaja na habari kwamba chumba cha uani kimeezekwa. Kina saruji chini, kina dirisha la kioo, na mzee anataka mpishi wake awe karibu, chai ya asubuhi isichelewe. Alisema mambo haya akiwa amesimama, kofia mkononi, uso unang'aa. Mama aliuliza kama kuna pahali pa kufinyangia. Baba akauliza, mke wa mpishi wa Nakasero atafinyanga ili iweje? Hakusema kwa ubaya. Kwake yeye alikuwa anampumzisha. Mama akasema kwamba angependa kubaki bondeni, na Baba awe anakuja. Baba hakuitegemea hiyo. Akatafuta mtu wa upande wake, akanikuta mimi.

"Haya, Rispa," akasema. "Wewe unataka kukaa wapi?"

"Juu," nikasema.

Nilisema haraka mno. Mama alinitazama, na sikuyaelewa yale macho, lakini sikuyasahau. Wiki ile ile tulihama.

Siku za kwanza nilikuwa malkia. Nakasero ilikuwa na upepo. Ilikuwa na miti mirefu na barabara pana, na jioni ungeweza kuona taa, kama zipo, mpaka mbali. Ndani ya nyumba ya mzee kulikuwa na beseni la kuogea mtu mzima, jeupe, lenye miguu ya chuma, na Baba alinipeleka kulitazama mzee alipotoka. Nikamwuliza linaogewaje. Baba akafungua bomba likakohoa, likatoa kutu kidogo, basi. Kumbe mabomba ya mlimani yalikuwa makavu. Mitambo ya kusukuma maji iliharibika wakati wa vita, na maji, yakiachwa yajiamulie, hayapandi mlima. Watu wa juu walikuwa wakioga kwa maji ya chini. Kila asubuhi walikuja vijana wakisukuma baiskeli zilizofungwa jerikeni sita sita, wametoka chemchemi za mabondeni, migongo imelowa jasho, na mmoja wao alikuwa wa chemchemi yetu wenyewe. Aliponiona akacheka akaniuliza nimefuata nini huku kwenye kiu. Nilimwona hana adabu.

Mama alinyauka. Sina neno jingine. Alifagia chumba ambacho hakikuwa na vumbi. Alimwosha mtoto mpaka mke wa mzee akasema maji yanakwisha. Alikaa kwenye ngazi ya jiko, mikono imelala mapajani, viganja vikiwa vimetazama juu, na ile mikono iliyokuwa na mipasuko na kijivu kwenye kucha ikawa laini na safi, na yeye alikuwa akiitazama kana kwamba si yake. Jumapili tulikwenda kanisani, juu zaidi, na hata huko hakuimba. Baba alidhani ni homa, akamletea dawa. Aliinywa. Nilianza kuogopa kwamba nimefanya jambo baya, na kwa kuwa ni mimi niliyesema juu, nikaona ni mimi wa kulitengeneza.

Mpango wangu ulikuwa rahisi. Mama anakosa udongo, mimi nitampa udongo, tena udongo wa karibu na Mungu. Nikaenda kwenye bustani ya mzee, chini ya maua mekundu ya mke wake, nikachimba kwa kijiko. Ulikuwa udongo mwekundu, mzuri kwa macho, umejaa punje ngumu za changarawe. Niliulowesha kwa maji ya kuoshea vyombo, nikaukanyaga, nikafinyanga sigiri ndogo ya kiasi cha bakuli, yenye pembe tatu. Ilipasuka ubavuni. Nikaiziba. Ikapasuka kwingine, nikaiziba tena. Mtoto yeyote aliyekulia bondeni angekwambia kwamba udongo wa mlimani hausokotiki, lakini mimi nilikuwa nimeshaukana ubonde wangu. Na ile habari ya kukausha kivulini siku nyingi sikuwa na subira nayo. Nilitaka Mama atoke kanisani aikute.

Jumapili hiyo nilijitia tumbo linauma, Mama akaniacha na mama wa nyumba ya pili. Nikamtoroka. Nyuma ya jiko nikakusanya majani makavu, vijiti na mkaa wa Baba, nikaizika sigiri yangu katikati, nikawasha. Mchana kweupe. Mzee alikuwa mezani na wageni wawili, na Baba, ambaye alikuwa zamuni, ndiyo kwanza anaingiza supu.

Mnaojua kuchoma vyungu mmeshacheka. Udongo mbichi wenye changarawe ukipata moto wa ghafla haupasuki kwa upole. Ulilia paa, ukanyamaza, halafu ukalia paa, paa, paa, mfululizo, na kipande kikagonga mabati ya jiko. Mnaokumbuka Kampala ya wakati ule hamcheki. Ndani ya nyumba nilisikia viti vinaanguka. Nilichungulia dirishani nikaona sebule haina mtu. Wote walikuwa chini ya meza, wageni, mzee, mkewe, na Baba yangu amelala kifudifudi juu ya zulia, supu imemmwagikia shingoni. Mlinzi wa nyumba ya jirani alikuwa akipiga filimbi. Mimi niliganda pale pale na kijiti changu mkononi.

Walipotoka waliukuta moto wangu na vigae. Mzee aliokota kigae kimoja, akakigeuza mkononi. Hakupiga mtu, hakufukuza mtu, nami nampa heshima yake mpaka leo. Alimwambia Baba taratibu kwamba amewahi kulala chini ya meza sebuleni mle mle zamani, kwa sababu ya kweli, na kwamba katika uwanja wake asione tena moto wa kuchoma kitu chochote. Wakati huo Mama alikuwa ameingia langoni na mtoto mgongoni. Akaona vigae, akaona pembe moja iliyosalia nzima, akaelewa yote kwa mara moja. Akasema, "Ni mimi, Mzee. Ni kazi yangu. Nisamehe."

Nilisikia aibu ambayo sijaisikia tena maishani. Tulipofika chumbani nililia nikasema yote, kwamba nilisema juu kwa sababu Mungu anakaa juu, kwamba nilitaka apate kazi akiwa huku huku karibu na Mungu, kwamba nilikuwa nikimwombea msamaha tangu bondeni. Mama alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akacheka. Alicheka mpaka akashika ukuta, na nilipogundua kwamba tangu tuhame sikuwa nimekisikia kicheko kile, nikalia zaidi. Baba alikuwa amesimama mlangoni na shati lenye supu. Hakucheka. Alimtazama mke wake anavyocheka, muda mrefu, akatoka.

Kesho yake, mzee alipomaliza chakula cha mchana, Baba aliomba ruhusa, akachukua lile sanduku letu la bati akalitoa nje tupu, akaondoka nalo begani. Nikajua tumekwisha. Sanduku lile lilikuwa la safari; anakwenda kukata tiketi za Busia, nikasema moyoni, anaturudisha Kenya mimi na Mama na mtoto kwa sababu ya maua na supu. Sikula. Mama naye nadhani aliwaza hivyo hivyo, kwa sababu alikuwa akikunja nguo bila kuambiwa, na alipofika kwenye gauni lake la kanisani mikono ilisimama.

Baba alirudi jua likiwa bado juu, bila sanduku. Viatu vyake vyeusi vya kazi, alivyovipiga rangi kila siku, vilikuwa na tope la kijivu hadi kwenye kamba. Akakaa kwenye ngazi ya jiko, akamwita Mama akae.

"Mama Rispa," akasema, "sanduku nimeliacha bondeni, kwenye chumba chetu. Mimi kazi yangu iko juu. Yako iko chini. Basi nitakuwa mimi wa kupanda na kushuka."

Mama alimwinamia akaanza kumfungua kamba za viatu, jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya kabla ya hapo wala baada yake.

Tuliteremka siku iliyofuata kwa miguu, mimi na kifurushi cha vyombo, Mama na mtoto, Baba na godoro kichwani. Njia nzima sikuthubutu kuinua macho. Nilikuwa najiuliza Nnaalongo atasema nini juu ya watu walioaga kwa mbwembwe vile na kurudi kabla ya miezi mitatu. Tulipofika nikapiga magoti kumwamkia kama binti wa Kiganda anavyopaswa, akanigusa kichwa, akatupita, akaenda moja kwa moja kivulini nyuma ya vyumba. Tukamfuata. Pale chini lilikuwa limekaa lundo kubwa limefunikwa magunia, na magunia yanachuruzika maji.

Alipoyafunua nikaona ni udongo wetu. Ule Mama aliouchimba wiki ya mwisho, akaukanyaga, akauacha kwa sababu mlimani hakuna pa kuupeleka. Na muda wote ule kilikuwa kiangazi. Chemchemi iko ng'ambo ya mfereji, na Nnaalongo magoti yalikuwa yanamuuma. Mama akachuchumaa, akamega kipande, akakisokota, akakizungusha kidoleni. Kilikuwa laini.

"Umeumwagia maji?" akauliza. "Kila siku?"

Nnaalongo aliinua mabega. "Mimi sikujua kama unarudi," akasema. "Lakini hii ikikauka, ni ya kutupa. Sasa nani anatupa kitu ya mwenzake?"

Mama akafunika uso kwa ile mikono yenye udongo akalia kwa sauti, mbele ya Baba, mbele yangu, mbele ya majirani waliokuwa wamesogea kututazama. Nnaalongo alimwacha alie. Kisha akavua kandambili zake, akapanda juu ya lundo, akaanza kukanyaga, na Mama, uso wote umekuwa kijivu, akapanda naye.